Mchezaji Hahisi Wastani: Seva za Gemu Zinazoandikwa kwa Java na C#

Kama umewahi kucheza Minecraft kwenye seva iliyoelemewa, hili unalijua. Unapiga tofali la jiwe, linavunjika, unasogea kuliokota, mara limerudi pale pale kana kwamba hukuligusa. Ng'ombe waliokuwa wakitembea wanasimama wima, kisha ghafla wanaruka hatua kadhaa kwa mpigo mmoja. Upande wa pili, kwenye skrini nyeusi ya anayeiendesha seva, linatokea onyo: seva imeshindwa kwenda na wakati, imebaki nyuma kwa milisekunde elfu kadhaa.

Onyo hilo limezaa ubishi wa miaka mingi. Wapo wanaoliona na kumaliza kesi hapo hapo: tatizo ni Java, lugha yenye mzoa taka, yaani sehemu inayosafisha memori isiyotumika tena, na gemu la watu wengi lingefaa kuandikwa kwa C++ tu. Mimi nimekuwa nikiandika seva kwa C# na Java kwa muda sasa, na naamini hoja hiyo inashika chembe ya ukweli na kuiweka mahali pasipo pake. Lugha hizi si polepole kwa namna watu wanavyodhani. Shida yake ni kwamba zinaweza kusimama wakati usiouchagua wewe. Kazi nzima ya kuandika seva nzuri juu yake ni kuhakikisha kusimama huko hakumfikii mchezaji.

Msimamizi anafanya nini

Ukiandika programu kwa C++, kompaila huigeuza kuwa maagizo ya prosesa na kuishia hapo. Programu ikishawashwa inajitegemea. Inaomba memori yenyewe na kuirudisha yenyewe, na ikiirudisha kisha ikaendelea kuitumia, hakuna wa kuizuia. Java na C# zinafanya kazi chini ya uangalizi. Kati ya msimbo wako na mashine kuna msimamizi: kwa Java ni mashine pepe iitwayo JVM, kwa C# ni .NET. Go, lugha nyingine ya aina hii, nayo ina msimamizi wake, ila amefungwa ndani ya faili lenyewe la programu.

Msimamizi huyu anakagua mipaka. Ukiomba kipengele cha 40 kwenye safu yenye vipengele 32, anakataa na kukutupia kosa badala ya kukuacha usome memori ya jirani. Anakompaili huku programu ikiendelea kukimbia: sehemu zinazotumika sana anazigeuza kuwa maagizo halisi ya prosesa, na zikizidi kutumika anazipanga upya ziende kasi zaidi. Ndiyo sababu seva ya Java iliyowashwa sasa hivi huwa nzito dakika za mwanzo, kisha hushika mwendo. Na anazoa taka: vitu ambavyo hakuna sehemu ya programu inayoweza kuvifikia tena, anavitambua na kurudisha nafasi yake.

Wazo la kuzoa taka ni la zamani kuliko wengi wanavyofikiri. John McCarthy alilibuni kwa ajili ya lugha ya Lisp mnamo mwaka 1959, gemu za mtandaoni zikiwa bado hazijafikiriwa. Java ilitoka rasmi mwaka 1996 na .NET mwaka 2002, na kuanzia hapo uzoaji taka ukawa jambo la kawaida kazini.

Kwa nini seva, hata kama gemu lenyewe ni la C++

Gemu kwenye simu au kompyuta yako lina kazi ya kuchora picha mara 60 au zaidi kila sekunde. Seva haichori chochote. Inapokea paketi, yaani vifurushi vidogo vya data, za wachezaji, inaamua nani amempiga nani na nani amefika wapi, kisha inawarudishia wote hali mpya ya dunia. Sehemu kubwa ya muda wake ni kusubiri mtandao. Kazi ya namna hiyo haihitaji kukamua tone la mwisho la prosesa, ila inahitaji sana kutokufa.

Na hapa kuna jambo ninaloliona zito kuliko kasi. Kila baiti inayoingia kwenye seva ya gemu imetoka kwa mtu usiyemjua, na baadhi yao wanataka kuiba akaunti, kudanganya au kuiangusha seva kwa sababu wamefungwa mechi. Kwenye C++, paketi inayodai kuwa na urefu wa baiti 10 huku ikibeba 10,000 inaweza kuandika juu ya memori isiyo yake, na aliyeitengeneza kwa ustadi anaweza kuishika seva nzima. Kwenye lugha yenye msimamizi, paketi hiyo hiyo inatupa kosa, unalidaka, unamfungia mlango huyo mchezaji mmoja, na wengine 99 wanaendelea bila kujua kuna kilichotokea.

Lakini msimamizi haoni kila kitu. Desemba 2021 ulimwengu wa Java ulitikiswa na udhaifu wa Log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu za matukio. Seva za Minecraft zilikuwa kati ya mahali pa kwanza hadharani ambapo watu waliuona ukitumika. Mchezaji aliandika mstari mfupi kwenye chati ya gemu, seva ikauandika kwenye kumbukumbu zake kama inavyoandika chati zote, na Log4j badala ya kuuandika kama maneno ikauchukulia kama agizo, ikaenda kuchukua msimbo kwenye mashine ya mshambuliaji na kuuendesha. Hakuna mpaka wa safu uliovukwa. Memori ilikuwa salama kabisa, na seva ilikuwa imeshachukuliwa. Anayekwambia lugha hizi ni salama, mwulize salama dhidi ya nini.

Faida nyingine haitajwi mara nyingi, nayo ni kwamba msimbo uliokompailiwa wa Java au C# ni rahisi kufunguliwa, kusomwa na kuongezewa. Minecraft ina toleo jingine, Bedrock, lililoandikwa kwa C++, na kwenye simu ni jepesi zaidi. Hata hivyo jamii kubwa ya wanaorekebisha seva ilikua upande wa Java, kupitia matoleo ya seva yaliyotengenezwa na jamii hiyo, Bukkit, kisha Spigot, kisha Paper, kwa sababu mtu aliweza kuandika nyongeza yake, kuiweka kwenye folda, na seva ikaipakia. Wapenzi wa Ultima Online, gemu la mwaka 1997, walifanya jambo linalofanana kwa C#: seva yao ya RunUO ilikuwa inakompaili hati za gemu kila inapowashwa, kwa hiyo kubadilisha nguvu ya upanga ilikuwa kazi ya kuhariri faili na kuwasha upya.

Pigo

Seva nyingi za gemu zinaishi kwa mapigo, kama moyo. Kila pigo inasoma zilizoingia, inasogeza dunia mbele hatua moja, inatuma matokeo, inasubiri pigo linalofuata. Minecraft inapiga mara 20 kwa sekunde, kwa hiyo kila pigo lina milisekunde 50. RuneScape, iliyoanzia Uingereza mwaka 2001 nayo ikiwa ya Java, ina pigo la milisekunde 600, zaidi ya nusu sekunde. Valorant, gemu la kulengana risasi lenye seva za C++, linapiga mara 128 kwa sekunde, chini ya milisekunde 8 kwa pigo.

Sasa chukua msimamizi anayesimamisha programu kwa milisekunde 20 ili azoe taka. Kwenye RuneScape hakuna atakayejua. Kwenye Minecraft amekula mbili ya tano ya pigo, na kama kazi nyingine zote zilihitaji milisekunde 25, bado umefika kwa wakati. Kwenye gemu la mapigo 128 ameshakula mapigo mawili na nusu, na kuna mtu amekufa nyuma ya ukuta aliokuwa ameshaupita. Kwa hiyo swali la kama Java inafaa kwa seva ya gemu halina jibu mpaka useme gemu lako linapiga mara ngapi.

Ndiyo maana pia wastani hausaidii. Seva inaweza kuwa na wastani mzuri sana wa milisekunde 12 kwa pigo na bado ikachukiwa na wachezaji wake, kwa sababu kila baada ya sekunde 30 kuna pigo moja la milisekunde 400. Mchezaji hahisi wastani. Anahisi lile pigo moja, na kwa kawaida linampata akiwa katikati ya pambano, kwa sababu pambano ndilo linalozalisha taka nyingi.

Taka inatoka wapi

Wengi wanadhani mzoa taka anachoka kwa wingi wa taka. Kwa wazoaji wanaotumika sana leo, kinachogharimu zaidi ni vilivyo hai. Anaanza kwenye mizizi, yaani vitu ambavyo programu inavishika moja kwa moja, anafuata kila rejeleo, anaweka alama au anahamisha kila kinachofikika, kisha eneo lililobaki linahesabiwa kuwa tupu kwa mara moja. Vitu 1,000,000 vilivyokufa karibu havimgharimu kitu. Vilivyo hai 1,000,000 lazima avipitie.

Kwa sababu hiyo wazoaji wamegawa vitu kwa umri. Uzoefu umeonyesha kwamba vitu vingi hufa vikiwa vichanga: namba uliyoigeuza kuwa maandishi, orodha uliyoiunda kwa ajili ya hesabu moja. .NET ina vizazi vitatu, 0, 1 na 2. Kizazi 0 kinazolewa mara kwa mara na haraka, kwa sababu humo karibu wote wamekufa. Aliyenusurika anapanda 1, akinusurika tena anapanda 2, na humo uzoaji ni kazi nzito. Lundo, yaani eneo la memori vinamokaa vitu hivi, likiwa kubwa na msimamizi akalazimika kulipanga upya huku kila kitu kimesimama, inaweza kufika mamia ya milisekunde. Vitu vyenye baiti 85,000 au zaidi vinawekwa eneo lake tofauti, linalozolewa pamoja na kizazi 2. Mtu anayeunda safu ya baiti 100,000 kila mchezaji anapoingia, ili ampakie ramani, hajui kwamba kila anayeingia anaukaribisha ule uzoaji mzito.

Mfumo wa vizazi unapenda vitu vinavyokufa mapema au vinavyoishi sana. Vinavyousumbua ni vya umri wa kati, na seva ya gemu ina vingi. Fikiria wachezaji wa kwetu, ambao wengi wanaingia kwa simu na kwa bando. Mmoja yuko ndani ya daladala, mtandao unakatika sekunde tatu. Seva haijui, inaendelea kumwandikia ujumbe wa kila pigo, na ujumbe unajipanga foleni. Kila uzoaji mdogo unaopita unaukuta ujumbe huo bado unahitajika, unaupandisha kizazi. Mtandao unarudi, foleni inatumwa yote, na ujumbe unafia kizazi 2, mahali ambapo kuuzoa ni ghali. Zidisha kwa wachezaji 200 wenye mtandao wa kubahatisha, na utaona kwamba ubovu wa mtandao wao umegeuka mzigo kwenye memori yako. Dawa yake ni kumpa kila mchezaji foleni yenye ukomo na kutupa yaliyopitwa na wakati. Aliyerudi hewani baada ya sekunde tatu hana haja ya kujua adui alikuwa wapi kwenye kila pigo lililopita, anahitaji alipo sasa.

Nitakupa mfano mmoja wa karibu, kwa mchezo tunaoujua. Ubao wa bao la Kiswahili una mashimo 32, safu nne za manane, na kete 64. Shimo haliwezi kuwa na kete zaidi ya 64, kwa hiyo idadi yake inaingia kwenye baiti moja. Ubao mzima ni baiti 32, ukiacha baiti chache za zamu ya nani, kete za namua zilizobaki mkononi, na hali ya nyumba.

Anayejifunza C# shuleni ataandika hivi: darasa (class, kiolezo cha kuundia vitu) liitwalo Shimo, lenye idadi ya kete, kisha ubao wenye safu ya Mashimo 32. Inasomeka vizuri na mwalimu atampa alama. Lakini kwenye .NET ya biti 64 kila kitu cha darasa kinachukua angalau baiti 24, hata kikibeba namba moja ndogo, kwa sababu kuna kichwa chake na kielekezi cha aina yake. Mashimo 32 ni baiti 768. Safu inayoyaelekeza ni baiti 280. Jumla 1,048, katika vitu 33 tofauti. Ukiandika ubao huo huo kama safu ya baiti 32, jumla yake pamoja na kichwa ni baiti 56, na ni kitu kimoja.

Kama watu wawili wanacheza taratibu, tofauti hiyo haina maana, na ningechagua inayosomeka. Sasa weka mchezaji wa kompyuta, ambaye kabla ya kutoa kete anajaribu njia nyingi kichwani na kunakili ubao mara 100,000. Mtindo wa kwanza unazalisha karibu megabaiti 105 za taka katika vitu milioni 3.3. Wa pili, megabaiti 5.6. Ukitumia neno struct, linalofanya data isihesabiwe kuwa kitu cha kuzolewa peke yake, na kuweka nakala kwenye eneo ulilolitenga mara moja, unaweza kufika sifuri. Lugha ni ile ile, mzoa taka ni yule yule.

Kosa la aina hii halihusu wanafunzi tu. Toleo la 1.8 la Minecraft, la Septemba 2014, lilibadilisha jinsi msimbo unavyotaja mahali. Zamani namba tatu, za kulia na kushoto, juu na chini, mbele na nyuma, zilipitishwa kama namba tatu tu. Kuanzia hapo zilifungwa ndani ya kitu kimoja kisichobadilika kiitwacho BlockPos. Kwa usafi wa msimbo ni uamuzi mzuri, maana huwezi kuchanganya namba ya urefu na ya upana. Lakini kwa kuwa hakibadiliki, kutazama tofali la jirani kunahitaji kuunda kipya, na gemu hilo linatazama matofali ya jirani muda wote. Waliokuwa wakilirekebisha gemu waliona mara moja jinsi taka ilivyoongezeka. Sisemi walikosea. Nasema uamuzi wa kupanga msimbo na uamuzi wa memori ni uamuzi mmoja, na kwenye lugha hizi ni rahisi kuusahau wa pili kwa sababu hauandiki mstari wowote wa kurudisha memori.

Dawa zinajulikana. Kwenye .NET kuna hodhi za safu, ambapo unaazima safu ya baiti na kuirudisha badala ya kuunda mpya kwa kila paketi. Kuna Span, iliyokuja na C# 7.2, inayokuruhusu kusoma kipande cha paketi bila kukinakili. Hizi zimebadilisha kazi hii kuliko watu wanavyokiri. Mtu anaweza kuandika kitanzi kizima cha pigo kisichounda kitu hata kimoja kipya, na pasipo na vitu vipya hakuna kinachomwita mzoa taka.

Java imekwenda njia nyingine: kumboresha mzoa taka mwenyewe. ZGC, mmoja wa wazoaji wake, ilianza kama jaribio kwenye Java 11 mwaka 2018, ikaruhusiwa kwa kazi halisi kwenye Java 15 mwaka 2020, na mwaka 2023 kwenye Java 21 ikapata vizazi. Inafanya karibu kila kitu huku programu ikiendelea, na kusimama kwake kunalenga kuwa chini ya milisekunde moja hata kwa lundo kubwa sana. Hiyo si ya bure. Inahitaji viini vya prosesa vyenye nafasi na memori ya ziada, kwa hiyo ukiiweka kwenye seva ya kukodi yenye viini viwili na gigabaiti nne unaweza kuishia pabaya kuliko ulikoanzia.

Na wakati mwingine jibu la kweli ni kuhama. Mwaka 2020 Discord, huduma ya mazungumzo iliyoanza kwa wacheza gemu, ilieleza kwa nini inahamisha moja ya huduma zake kutoka Go kwenda Rust, lugha isiyo na mzoa taka. Huduma hiyo ilitunza kumbukumbu ya ujumbe gani kila mtu ameshausoma, mamilioni ya vipengele vikiwa hai kwenye memori. Waliandika kwa uangalifu, taka ilikuwa kidogo. Bado kila dakika mbili ucheleweshaji uliruka juu, kwa sababu Go inalazimisha uzoaji angalau kila baada ya dakika mbili, na mzoa taka alilazimika kuvipitia vyote vilivyo hai ili kugundua kwamba hakuna cha kuzoa. Nauheshimu uamuzi huo kwa sababu walipima kwanza, wakajaribu kurekebisha, ndipo wakahama, na wakahamisha huduma ile yenye tatizo.

Uzi mmoja, nyuzi nyingi

Kuna msongamano mwingine ambao mzoa taka hahusiki nao, na anasingiziwa kila siku. Sehemu kubwa ya dunia ya Minecraft inaendeshwa na uzi mmoja, yaani mfululizo mmoja wa maagizo. Unaweza kununua mashine ya viini 32, pigo bado litapita kwenye kiini kimoja. Wanaoendesha seva huongeza memori, hawaoni nafuu, wanailaumu Java. Timu ya Paper ilitoa Folia mwaka 2023, inayogawa dunia kwa maeneo na kulipa kila eneo uzi wake, lakini nyongeza nyingi za zamani hazikubaliani nayo, kwa sababu ziliandikwa zikiamini kwamba hakuna mwingine anayegusa dunia wakati huo huo.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Iceland. EVE Online ya kampuni ya CCP, iliyofunguliwa mwaka 2003, inawaweka wachezaji wake karibu wote duniani kwenye ulimwengu mmoja wa anga, na mantiki ya seva yake imeandikwa kwa Stackless Python. Python kwa hesabu ni polepole kuliko Java na C#, na mfumo mmoja wa jua unaishia kutegemea kiini kimoja cha prosesa. Meli 2,000 zikikutana mahali pamoja kupigana, hakuna mashine ya kununua itakayotosha.

Walichofanya ni kuigusa saa. Seva ikielemewa, muda wa ndani ya gemu unapunguzwa mwendo, hadi kufikia asilimia 10 ya kawaida. Risasi inayochukua sekunde tano kujazwa inachukua sekunde 50, kwa pande zote mbili sawasawa. Januari 2014, kwenye mfumo wa B-R5RB, vita moja ilidumu takribani saa 21 na kuhusisha zaidi ya wachezaji 7,000, kwa mwendo huo wa polepole, na seva ikahimili mpaka mwisho. Kabla ya hapo mzigo kama huo ulimaanisha amri zinazopotea na watu wanaotupwa nje bila mpangilio, na aliyeshindwa hakujua kama ameshindwa na adui au na seva. Polepole ya haki ni tofauti kabisa na polepole ya bahati nasibu, na mtu aliyelielewa hilo ameelewa seva za gemu zaidi ya anayejua kila kitufe cha JVM.

Njia ya tatu ni Orleans, kazi ya watafiti wa Microsoft juu ya .NET, iliyotumika kwenye huduma za mtandaoni za gemu la Halo 4 mwaka 2012 na kufunguliwa kwa umma Januari 2015. Kila mchezaji, kila mechi, ni punje inayojitegemea. Punje ina hali yake, inapokea ujumbe mmoja baada ya mwingine, na hakuna nyuzi mbili zinazoigusa kwa wakati mmoja. Ukiita punje ya mchezaji ambaye hayupo kwenye memori, Orleans inaiamsha kwenye mashine mojawapo. Akikaa kimya muda mrefu, inaondolewa. Kwa takwimu za wachezaji, orodha za marafiki na kupanga mechi, sijaona kinachorahisisha kazi kuliko hiki. Kwa pigo lenyewe la mapambano hakifai, maana kila ujumbe kati ya punje una gharama yake na huna uhakika upi utafika kwanza.

Umbali

Kabla hujahangaika na milisekunde mbili za mzoa taka, tazama ramani. Mwanga ndani ya nyaya za mtandao unasafiri takribani kilomita 200 kwa milisekunde. Dar es Salaam hadi Frankfurt kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 7,000, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kushuka chini ya milisekunde 70, na nyaya hazinyooki hivyo. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019 na Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020. Kwa mchezaji wa Mwanza au Mombasa, kuisogeza seva huko, au kupata mashine ndani ya nchi, mara nyingi ni nafuu kubwa kuliko kubadili lugha.

Jambo la karibu na hilo ni itifaki, yaani kanuni za kutuma data. TCP inahakikisha mpangilio, kwa hiyo paketi moja ikipotea, zote zilizo nyuma yake zinasubiri irudiwe, hata kama zimeshafika. Minecraft ya Java inatumia TCP na inavumilia. Gemu la kukimbizana kwenye mtandao wa simu litateseka, na hapo UDP, isiyosubiri paketi iliyopotea, ndiyo njia, msimamizi awe yeyote.

Pa kuanzia kupima

Ukitaka kujua seva yako inaumwa nini, acha kubahatisha. Kwenye kila pigo andika muda lilipoanza, muda lilipoisha, na idadi ya uzoaji uliokwisha kufanyika mpaka hapo. .NET inakupa idadi hiyo kwa kila kizazi kwa mstari mmoja wa msimbo, na Java inaandika kila uzoaji kwenye kumbukumbu zake ukiiwashia. Kwa kila dakika, tunza pigo refu kuliko yote, usitunze wastani. Fanya hivyo siku nzima, saa za jioni zikiwemo, watu wakiwa wengi.

Kisha weka mapigo marefu na uzoaji kwenye mstari mmoja wa muda. Yakienda pamoja, tafuta nani anaunda vitu ndani ya pigo: orodha, maandishi, nakala za paketi. Yakiwa ya kizazi 2, tafuta foleni zisizo na ukomo na safu kubwa zinazoundwa kila mtu anapoingia. Lakini jiandae pia kukuta pigo la milisekunde 400 ambalo halina uzoaji wowote kando yake. Fungua msimbo wa pigo hilo ulisome mstari kwa mstari. Mara nyingi nimekuta, katikati ya kitanzi, pale mchezaji anapookota kitu au kupanda ngazi, mstari mmoja unaoiandikia hifadhidata na kusubiri jibu, huku dunia nzima imesimama nyuma yake.